Uzi Mwekundu Hadi Lango la Sala

Katika kikundi chetu cha waendesha pikipiki hapa Malindi, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupanga njia, na nilikabidhiwa kwa sababu niliiomba mwenyewe mara tatu. Tulikuwa watu sita: mimi, shemeji yangu, maseremala wawili, mwalimu mstaafu wa hesabu, na kijana wa bodaboda tuliyemkaribisha kwa kuwa ndiye pekee miongoni mwetu aliyejua kuziba pancha. Safari ilikuwa ya kwenda Voi Jumamosi, kulala huko, na kurudi Jumapili.

Mtu yeyote wa Malindi angetwambia tushuke Mombasa, yapata kilomita 120, kisha tuishike barabara ya Nairobi kilomita nyingine 150 na ushei. Mimi niliona ni aibu mpangaji njia mzima kuwapeleka wenzake nyuma ya malori wakala moshi siku nzima. Nilitandaza ramani ya karatasi mezani, nikachukua uzi mwekundu katika kikapu cha kushonea cha mke wangu, nikailowesha ncha kwa mate ili isiteleze, nikaulaza uzi juu ya barabara kona kwa kona: Ganda, Kakuyuni, Kakoneni, Langobaya, hadi Lango la Sala. Hapo uzi uliingia mbuga ya Tsavo Mashariki, ukaufuata Mto Galana, mto huohuo ambao ukifika kwetu baharini huitwa Sabaki, ukapita kwenye maporomoko ya Lugard, kisha ukateremka hadi Voi. Nilipounyosha kwenye rula nilipata kama kilomita 220. Nilikuwa nimewaokolea wenzangu kilomita 50 kwa uzi wa shilingi chache, na sitaficha kwamba usiku ule nililala nikitabasamu.

Tulifanya mikutano mitatu barazani kwangu. Nilieleza kwamba mwenye pikipiki ndogo atatangulia karibu na kiongozi ili mwendo uwe wake, kwa maana anayewekwa nyuma hubaki akifukuzana na wenzake na hapati hata nafasi ya kupumzika, kwani akifika tu wao wanaondoka. Nilieleza kwamba tutakwenda mshazari, huyu kulia na yule kushoto, ili kila mmoja apate nafasi ya kufunga breki. Nilipiga hesabu ya petroli, mwalimu akaihakiki, tukaongeza mtungi wa lita 10. Hata jua nililipanga: tukienda magharibi asubuhi litakuwa mgongoni, na tukirudi mashariki alasiri litakuwa mgongoni vilevile.

Katika kila mkutano yule kijana wa bodaboda aliinua mkono, nami kila mara nilimwambia, kwa upole wa mwenyekiti, kwamba maswali yatapokelewa mwishoni. Mwisho wenyewe haukuwahi kufika, kwa sababu adhana ya magharibi ilitukuta bado niko kwenye jua.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Lami ilipokwisha tulianza kula vumbi jekundu, na mmoja wa maseremala, aliyekuja na shati jeupe, alifika akiwa na rangi ya wale ndovu wa Tsavo wanaosifiwa ulimwenguni. Hata hivyo mambo yote yalikwenda kama yalivyoandikwa. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyepotea, na jua lilikuwa mgongoni. Saa tatu na robo tulisimama mbele ya Lango la Sala, nami nikatazama saa yangu kwa namna ambayo kila mtu angeiona.

Askari wa wanyamapori alitoka kibandani akatusalimu vizuri. "Karibuni. Mmekuja kumtembelea nani?"

Nilimweleza kwamba hatumtembelei mtu, bali tunapita kwenda Voi, na nikamfungulia ramani. Aliufuata mstari wangu kwa kidole, polepole, kutoka langoni hadi Voi, kisha akazihesabu pikipiki zetu moja moja.

"Mzee wangu, njia umeichora vizuri sana. Lakini pikipiki haziingii mbugani."

Nilimwambia kwamba tungelipa kiingilio kamili, tungekwenda pole pole, na tungekwenda mshazari.

"Sawa. Na simba akikutokea," aliuliza bila hata chembe ya dhihaka, "utapandisha kioo gani?"

Niliwatazama wenzangu. Mwalimu alikuwa akikagua buti zake. Kijana wa bodaboda alikuwa ameinua mkono.

"Sema," nilimwambia.

"Ndilo nililotaka kuuliza tangu mkutano wa kwanza," alisema.

Tulikaa chini ya mti, tukala mahamri na mbaazi tulizokusudia kuzila tukitazama maporomoko. Mwalimu, bila kuombwa, alipiga hesabu: kurudi Malindi 110, Malindi hadi Voi kwa kupitia Mombasa 270, jumla kilomita 380, ukiacha zile 110 tulizokwisha kuzimaliza. Hakuna aliyezungumzia Voi tena isipokuwa shemeji, aliyeuliza kama arubuni ya vyumba inarudishwa. Haikurudishwa.

Saa nane tuligeuza. Kijana wa bodaboda alitangulia, jambo ambalo halikupigiwa kura, nami nikawekwa nyuma kabisa, nikavuta vumbi la pikipiki tano. Jua, nalitaja kwa haki ya mpangaji, lilikuwa mgongoni.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Mke wangu alikuwa mlangoni na kanga begani, akanitazama kuanzia nyusi nyekundu hadi viatu.

"Si mlisema mnalala Voi?"

"Tumeishia Sala," nilimjibu.

"Wenzako huenda sala wakarudi kwa robo saa," alisema, akanyoosha kiganja. "Nyinyi mmekwenda kutwa nzima. Uzi wangu uko wapi?"