Misa ya Machaut: iimbwe kavu au kwa mapambo?

Sikiliza rekodi mbili za Misa ya Bikira Maria ya Guillaume de Machaut, mtunzi Mfaransa wa karne ya 14, utaapa ni kazi mbili tofauti. Ile ya Hilliard Ensemble ya Uingereza, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, imenyooka: sauti hazitetemeki, kila nota imetulia mahali pake. Ile ya Ensemble Organum ya Marcel Pérès, ya miaka ya 1990, inanguruma. Waimbaji, wakiwemo wa kisiwa cha Corsica, wanaikunja sauti, wanaitelezesha, wanaipamba kila wapatapo upenyo.

Wanaompinga Pérès wana hoja nzito. Machaut, kanoni wa Kanisa Kuu la Reims aliyefariki mwaka 1377, hakuandika mapambo hayo. Jerome wa Moravia, mwandishi wa nadharia ya muziki, aliyaeleza mapambo akiwa Paris, lakini hiyo ni karne ya 13, na alizungumzia zaidi nyimbo za sauti moja. Uimbaji wa Corsica nao ni wa watu walio hai leo. Kuupeleka Reims ya karne ya 14 ni kuruka mbali mno.

Ila hoja hiyo ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nani kasema waimbaji wa Machaut hawakutetemesha sauti? Unyoofu ule una harufu ya kwaya za Oxford na Cambridge, na ya maikrofoni za studio. Hata kuimba bila ala ni uamuzi wa juzijuzi. Katikati ya karne ya 20 misa hii ilizoeleka kusindikizwa na ala za kupuliza na za nyuzi. Mimi nampa Pérès alama zaidi, kwa kuwa dhana yake inasikika wazi kuwa ni dhana. Ya Waingereza hujificha, msikilizaji akadhani hakuna aliyeamua chochote.

Kinachonikera zaidi ni kuibana misa nzima ukumbini, Kirie hadi Agnus Dei, mfululizo. Aliyekulia kwenye kwaya ya parokia anajua kwamba baada ya Gloria kuna sala na masomo kabla ya Kredo. Kiongozi wa waimbaji Andrew Parrott, katika rekodi ya miaka ya 1980, alirudisha nyimbo za sauti moja katikati ya vipande hivyo, na Pérès akafanya vivyo hivyo. Tofauti ni kubwa. Misa hii ni ya sauti nne; zama zile sauti tatu ndizo zilizokuwa kawaida, nne zilishtua. Bila hizo nyimbo za katikati, sikio huzizoea sauti nne mapema na Agnus Dei inapita kama kipande kingine tu.