Kabati jeusi la sinki bafuni: kwanza angalia maji ya nyumba yako

Ukiingia kwenye nyumba mpya za Goba, Madale au Kigamboni siku hizi, hutashangaa kukuta bafu la chumba kikuu lina kabati la sinki la rangi nzito: nyeusi tii, kijivu cha mkaa, au kahawia iliyokolea. Wapo wanaoipenda rangi hiyo na kuiona ndiyo hadhi ya nyumba, na wapo wanaoapa kwamba ndani ya mwaka mmoja utaichukia. Wote wana hoja. Ila naona wanabishania rangi wakati kinachoamua kinatoka bombani.

Uzuri wake si jambo la kudharau. Sinki jeupe la kauri likikaa juu ya mbao nyeusi linaonekana vizuri, na bafu la vigae vyeupe juu mpaka chini linaacha kufanana na chumba cha zahanati. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mzee ambaye macho yameanza kupungua nguvu huuona ukingo wa sinki haraka zaidi kukiwa na tofauti ya rangi kuliko cheupe kikiwa juu ya cheupe. Kwa familia ambayo bibi anakuja kutoka mkoani na kukaa miezi kadhaa kwa ajili ya matibabu, hilo si dogo.

Kabati jeupe nalo lina aibu zake. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano kadiri inavyozeeka, na hugeuka haraka zaidi mahali pasipofikiwa na mwanga, kama ndani ya milango na chini ya sinki. Hina ikidondoka juu yake, kuitoa ni kazi. Kwa hiyo anayesema nyeupe ndiyo salama siku zote hajaishi nayo muda wa kutosha.

Sasa maji. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinategemea visima, ama kwa sababu bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, halijafika mtaani, ama kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku. Visima vingi, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na vingine vina maji magumu yenye chokaa. Tone la maji hayo likibaki juu ya kaunta nyeusi inayong'aa hukauka na kuacha duara jeupe lenye ukingo mzito kuliko katikati. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unalisambaza tu. Kesho yake kuna maduara mengine, na juu yake povu la sabuni lililokauka na chembechembe za dawa ya meno. Kwenye kaunta nyeupe au ya rangi ya mchanga uchafu huohuo upo, ila hauonekani.

Alama za chumvi ya kawaida hutoka kwa maji safi na kitambaa. Za chokaa zinataka siki au ndimu, na hapo lazima uwe mwangalifu: asidi hiyo hula marumaru na terazo zilizotengenezwa kwa vipande vya marumaru, ikaacha sehemu iliyofifia isiyorudi bila kusuguliwa upya na fundi. Graniti huvumilia zaidi. Mwenye kaunta ya marumaru nyeusi na maji ya kisima amejinunulia kazi ya kila siku, na sioni sababu ya kumfariji.

Halafu kuna suala la picha. Nyingi tunazowaonyesha mafundi kwenye simu zimepigwa katika mabafu ya nchi ambazo anayeoga husimama ndani ya kibanda cha kioo na sakafu nyingine hubaki kavu. Kwetu mtu anaoga kwa kopo na ndoo, maji yanatambaa sakafu nzima, kisha bafu linamwagiwa maji na kusuguliwa kwa ufagio. Kabati lililokaa sakafuni linakunywa maji hayo kila asubuhi. Likiwa la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, kingo za chini zinavimba, rangi inapasuka, na nyeusi inapopasuka ule ubao wa rangi ya udongo uliomo ndani unaonekana kutoka mlangoni. Afadhali kabati lifungwe ukutani kwa bolti, miguu isiguse chini.

Bafu dogo lenye dirisha moja la juu pia litaonekana dogo zaidi likipewa rangi nzito, maana rangi hiyo humeza mwanga. Umeme ukikatika usiku ndipo utaijua. Mbu nao hupenda kutulia mahali penye giza na unyevu, kwa hiyo ile nafasi ya nyuma na chini ya kabati jeusi ifagiliwe na kukaguliwa.

Msimamo wangu: rangi nzito iwe kwenye mwili wa kabati, kaunta iwe ya rangi nyepesi. Na rangi hiyo nzito isitoke kwenye kopo la rangi inayong'aa kama kuna uwezo wa kupata mbao. Nenda Keko, kwa mafundi seremala, uliza mninga au mkongo uliokauka vizuri. Kiini cha mninga kina kahawia yake yenyewe, hakichezi sana na unyevu, na mchwa hawakipendi. Ukipakwa vanishi isiyong'aa, mistari ya mbao inavunja ule uzito wa rangi, na mikwaruzo na alama za vidole hazipigi kelele. Bei itakuwa juu ya MDF, hilo sifichi. Asiyeifikia achukue plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, ahakikishe kila ukingo uliokatwa umezibwa kabla ya kupakwa rangi, hata ule wa tundu linamopita bomba, ambao mafundi wengi huuacha mtupu kwa kuwa hauonekani.

Ndani ya kabati paka nyeupe, hata kama nje ni nyeusi kama mpingo. Kiungo cha bomba kikianza kuvuja, au mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo, kwenye nyeupe utaona siku utakayofungua mlango kuchukua sabuni. Kwenye nyeusi utajua ubao wa chini ukishaoza, na hapo fundi hatabadilisha mlango mmoja, atavunja mpaka kaunta.