Kodi ilipanda kabla ya bandari
Hapo mwandishi wa makala anaposema kodi za nyumba Lamu zimepandishwa na watu wa bara waliofuata kazi za bandari, mimi simkubalii. Gati la kwanza limefunguliwa 2021. Sisi tulishahama Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, zamani. Na mwenye kibarua bandarini atapanga Mokowe au Hindi, kule bara iliko bandari, si kukaa kisiwani na kuvuka maji kila alfajiri. Kilichotutoa mjini ni mirathi. Nyumba yetu ya mawe ilikuwa na warithi wanane, dari inadondosha chokaa, boriti zimeliwa na mchwa, na tangu mji uingizwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 huwezi tu kubomoa ukapachika matofali na bati. Fundi anayejua kazi ya chokaa ni ghali. Akaja mzungu na pesa taslimu, tukauza. Fungu langu lilinunua kiwanja mtaa wa Wiyoni, na hela ya kuwalipa wenye punda wabebe mawe nikaikopa (punda nao wana nauli yao, usicheze). Leo nikipita pale kwa mama, nyumba tuliyouza, naona kufuli mlangoni, huyo mzungu huja Disemba. Vijana wetu wanakodi chumba kimoja, choo cha shirika, na nyumba ya vyumba sita imelala tupu hatua chache tu kutoka hapo. Sasa huyo wa bara kosa lake nini? Nyinyi wa Malindi, mlioishi na Wataliano miaka yote hii, kwenu waliouza waliweza kurudi kununua?