Peptidi za damu: tuilaumu mashine au tyubu?

Februari 2002, jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliowafanya wengi waamini kwamba saratani ya ovari sasa itagunduliwa mapema kwa tone la damu. Watafiti wa Marekani walipitisha seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, kisha wakaiachia kompyuta isome vilele vya mchoro uliotoka. Katika sampuli ambazo kompyuta haikuwa imeziona kabla, iliwatambua wagonjwa wote 50, na kati ya wanawake 66 wasio na saratani ikakosea kwa watatu tu. Hakuna aliyejua vilele vile vilikuwa vya molekuli gani. Wakati ule hilo halikumsumbua mtu sana.

Miaka miwili baadaye Keith Baggerly na wenzake wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walizichambua upya data zile, ambazo zilikuwa zimewekwa wazi. Wakakuta kwamba hata sehemu za mchoro zisizo na maana yoyote ya kibiolojia, kelele tupu za mashine, ziliweza kuwatenganisha wagonjwa na wazima. Maana yake ni kwamba makundi mawili ya sampuli hayakushughulikiwa sawasawa, na kompyuta ilikuwa imejifunza tofauti hiyo badala ya saratani. Kipimo cha biashara kilichokuwa kikiandaliwa kutokana na kazi hiyo kikakwama, mamlaka ya dawa ya Marekani ikiwa imeshaingilia kati.

Tangu hapo mjadala haujatulia. Wapo wanaosema kutafuta viashiria vya magonjwa kwa kupepeta peptidi zote za damu, yaani vipande vifupi vya protini, ni kuvua bila kujua samaki unayemtaka. Wengine wanasema kosa la 2002 halikuwa la spektrometria ya masi bali la papara, na kwamba hakuna chombo kingine kinachoweza kukwambia kwa uhakika kilichomo kwenye damu.

Nianze na hao wa pili, maana hoja yao mara nyingi inapuuzwa. Peptidi ni mnyororo wa asidi amino, matofali yanayojenga protini, chache au makumi kadhaa. Mashine huipa chaji, huirusha ndani ya ombwe na kupima masi yake ikilinganishwa na chaji. Kisha huivunja kwa kuigonganisha na gesi na kupima vipande, na kutokana na tofauti za vipande hivyo mpangilio wa asidi amino husomeka kama ngazi. Vipimo vingi vya protini hospitalini hutegemea kingamwili, protini ya kinga inayonasa molekuli fulani, nayo hushika chochote chenye umbo inalolijua, hata kama ni jirani tu wa kile unachokitafuta. Mashine inaweza kutofautisha peptidi mbili zilizopishana kwa asidi amino moja.

Na imewahi kuvua samaki mkubwa. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani waliokuwa wakichambua peptidi katika maji yaliyochujwa kutoka kwenye damu walikuta moja ndogo yenye asidi amino 25. Leo inaitwa hepsidini, na inajulikana kuwa ndiyo homoni inayotawala madini ya chuma mwilini. Asiyevua kabisa asingeikuta.

Lakini damu si bwawa la kawaida. Protini 22 tu zinabeba takriban asilimia 99 ya uzito wa protini zote za plasma, maji ya damu ambayo haijaganda. Kati ya albumini, iliyo nyingi kuliko zote, na molekuli ambazo seli hupelekeana taarifa, kama intaleukini-6, tofauti ya wingi inaweza kufika mara bilioni 10. Kile ambacho uvimbe mdogo unakimwaga kwenye damu kinanong'ona katikati ya ngoma. Ukiondoa albumini ili usikie vizuri, unaondoa pia peptidi zilizojishikiza kwake.

Hilo lingali tatizo la ufundi, na mafundi wanalipunguza kila mwaka. Linalonisumbua zaidi ni tyubu. Damu inapoganda ili tupate seramu, thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, hukata protini iitwayo fibrinojeni na kuachia vipeptidi, kisha vimeng'enya vingine huendelea kutafuna ncha zake. Peptidi nyingi zinazoonekana kwenye seramu hazikuwamo kwenye mshipa; zimezaliwa ndani ya tyubu. Iwapo damu ya wagonjwa ilikaa mezani saa mbili na ya wazima nusu saa, utagundua kiashiria kizuri sana cha kuchelewa. Kikundi cha Paul Tempst huko New York kilijibu hoja hii kwa ustadi mwaka 2006: hata peptidi zinazozaliwa nje ya mwili zina habari, kwa kuwa vimeng'enya vinavyozitafuna vinaweza kuwa vimetoka kwenye saratani yenyewe. Wazo ni zuri, ila linadai kila tyubu duniani itendewe sawa kwa dakika, na sijui nani atausimamia utaratibu huo.

Halafu kuna hesabu ambayo wagunduzi hawapendi kuitaja. Chukua ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya 2,500, na kipimo kisichokosa mgonjwa hata mmoja lakini kinachowakosea asilimia 5 ya wazima. Kwa kila mgonjwa mmoja anayepatikana, watu takriban 125 wasio na ugonjwa wataambiwa huenda wanao. Kwa saratani ya ovari, kuthibitisha mara nyingi ni upasuaji.

Mimi naona mashine hii ni shahidi bora kuliko ilivyo mvuvi. Iulize swali jembamba na itajibu. Mfano ni Alzheimer. Mwaka 2018, katika jarida la Nature, watafiti wa Japani na Australia, akiwemo Koichi Tanaka aliyepata Nobeli ya 2002 kwa kazi ya spektrometria ya masi, walionyesha kwamba uwiano wa peptidi chache za amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, katika plasma unaashiria amiloidi iliyojikusanya ubongoni. Peptidi zilikuwa na majina kabla ya kupimwa. Hata hivyo, kipimo cha kwanza cha damu kwa Alzheimer kilichoruhusiwa Marekani, Mei 2025, kinatumia kingamwili, kwa sababu hizo ni za haraka na za bei nafuu.

Mahali pamoja mambo yamegeuka. Baadhi ya waliotibiwa saratani ya tezi ya thairoidi wana kingamwili zao wenyewe zinazoificha thairoglobulini, protini inayofuatiliwa ili kujua kama ugonjwa umerudi. Kipimo cha kawaida hudanganyika. Suluhisho limekuwa kukatakata kila kitu kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kingamwili sumbufu zikiwemo, kisha mashine ihesabu peptidi moja ya thairoglobulini iliyobaki. Hapo spektrometa imeingia kwenye huduma ya kila siku, na kwa haki. Ila wapo wagonjwa wenye kingamwili hizo ambao picha zilionyesha uvimbe umerudi, huku mashine ikisoma sifuri.