Dakika 150 za Daktari

Daktari alinitazama tumbo kabla hajanitazama usoni, nikajua leo sitoki na vidonge. Akaandika: mazoezi, dakika 150 kwa wiki. Nikamwambia, "Daktari, hapo umeongeza sifuri." Akasema si yeye, ni Shirika la Afya Duniani. Haya, shirika la dunia nzima limekaa kikao juu yangu na chipsi zangu, mimi ni nani nibishe?

Usiku nikapiga hesabu. Dakika 150 ni saa mbili na nusu. Mwenye akili anazimaliza zote Jumamosi moja, kisha wiki nzima anakaa zake kwenye kochi, hadaiwi. Vijana wa ofisini walikuwa wanakwenda Morogoro kupanda Uluguru hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Nikasema niandikeni.

"Baba Asha," mke wangu akaniuliza, "wewe kwa shemeji ghorofa ya pili unapumzika mara mbili. Mlima utauweza?"

Nikamjibu mlima hauna ngazi.

Viatu nilinunua mtumba, shilingi 25,000. Muuzaji aliapa vimewahi kupanda Kilimanjaro. Sikumuuliza kama na kushuka vilishuka.

Halafu kuna hii SGR. Zamani ukienda Morogoro kwa basi unafika mgongo umekufa, una haki ya kusema jamani mimi nawasubiri hapa na supu. Tangu 2024 treni inakufikisha chini ya saa mbili, umekaa kwenye kiyoyozi, umelala, umeamka mzima. Kisingizio huna.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kiluguru, mwembamba kama ufito, ana chupa ya maji na koti la mvua, basi. Mimi begi langu lina mayai sita ya kuchemsha, chapati, mwavuli, taulo na maji lita moja na nusu. Akatupa masharti: asiyemwona mwenzake apige kelele, maji yanywewe kidogokidogo, na wingu likianza kukalia mlima tunageuza hata kama zimebaki hatua kumi. Akanigeukia mimi peke yangu: "Mzee, ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Kaa chini." Mzee! Nina miaka 46.

Nusu saa ya kwanza nilimaliza maji yote, ili begi liwe jepesi.

Njia yenyewe inapita katikati ya migomba na nyumba za watu. Watoto wawili walikuwa wamekaa kizingitini. "Yule baba anakwenda wapi?" "Anafanya mazoezi." "Kakosa nini?" Nikajifanya sikusikia.

Tulipovuka kijito, kijana akatuambia maji ya milima hii ndiyo yanayoingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Nikayatazama yanavyokwenda. Yenyewe yanashuka Dar, mimi nimetoka Dar napanda. Yana akili.

Hapo nyuma yetu akatokea bibi, umri wa mama yangu kabisa. Kichwani ndoo ya mafuta ya kula, juu ya ndoo mfuko wa unga, miguuni kandambili. Anatoka sokoni, anapanda kwake. Adabu ni adabu, nikaanza, "Shika..." Pumzi ikakata. "Marahaba," akaitikia hiyohiyo nusu. Kijana akasema, "Mzee, hiyo si sentensi. Kaa."

Nilipokaa ndipo nikaona soli ya mguu wa kushoto imeachama kama mdomo wa kambale. Bibi akachuchumaa, ndoo bado iko kichwani, wala haikutikisika. Akavuta gome kavu la mgomba, akalisokota mapajani, akalizungusha chini ya soli mara tatu na kulikaza juu ya vidole.

"Bibi, unapanda huku kila siku?"

"Siku za soko tu. Leo ni mara ya pili."

Nikanyamaza. Akaniuliza, "Na wewe umemfuata nani huko juu?"

"Simfuati mtu, bibi. Mazoezi."

"Ukishafika?"

"Narudi."

Akamtazama kijana kama anayetaka shahidi. Kijana akainamisha kichwa. Bibi akasema, "Haya, pole, mwanangu," akatuacha. Kona ya pili hatukumwona tena.

Morningside nilifika, msiseme sikufika. Mji wote uko chini yako. Ila sikuutazama sana, nilikuwa naangalia juu natafuta wingu. Niliomba mvua kuliko mkulima. Likaja, kijana akasema tugeuze, nikawa wa kwanza kusimama.

Kushuka nilidhani ndiyo zawadi yenyewe. Kumbe magoti hayakuwa kwenye mkataba. Kijana anaelekeza, hatua fupi, pinda magoti, kanyaga kiubavu penye utelezi. Ule udongo mwekundu nao haujui kiubavu. Sehemu kubwa nimeshuka kwa makalio, na kiatu cha kulia, kile kizima, kikaacha soli matopeni. Cha mgomba hakikulegea hata uzi.

Sasa hesabu. Tulianza saa mbili na nusu asubuhi, tukafika chini saa nane na nusu mchana. Saa sita, sawa na dakika 360, na za kupumzika nimezijumlisha maana nilikuwa napumzika kwa nguvu. Wiki hii nimelipa 150, wiki ijayo nimelipa 150, na ya tatu nina akiba ya dakika 60. Mama Asha anasema hayo nikamwambie daktari mwenyewe. Nitakwenda. Tatizo chumba chake kiko juu, na pale kuna ngazi kumi na mbili.