Tusubiri ushahidi mpaka lini?

Wanaotahadharisha kuhusu moshi, rangi za kuta na vyombo vya plastiki hulaumiwa kwamba wanawatia watu hofu. Lawama hiyo ina uzito. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa kwenye Kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani, ilimo tumbaku, na wengi wakaelewa kuwa soseji na sigara zinaua sawasawa. Sivyo. Kundi hilo huonyesha uthabiti wa ushahidi, halipimi ukubwa wa madhara. Tena wanaoishi kando ya barabara kuu mara nyingi ni maskini, hivyo ni vigumu kutenga madhara ya moshi na yale ya lishe duni.

Hata hivyo, kisa cha madini ya risasi kinanivuta upande wa pili. Yalianza kutiwa kwenye petroli miaka ya 1920, ingawa sumu yake ilijulikana tangu kale. Watetezi wakadai kwamba kinachomfikia mtu wa kawaida ni kidogo mno. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alichapisha matokeo ya kupima risasi kwenye meno ya utotoni: watoto waliokuwa nayo nyingi zaidi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Huko Marekani, kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachotia wasiwasi kilikuwa mikrogramu 60 kwa desilita miaka ya 1960. Leo ni 3.5. Algeria ndiyo iliyomaliza kuuza petroli hiyo kwa magari, mwaka 2021. Karibu karne nzima!

Na risasi haitoki upesi. Hukaa mifupani kwa miongo, na mama akiwa mjamzito huweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mapaa, nayo huweza kuleta saratani miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi lake. Kwa vitu vya aina hiyo, anayesubiri uthibitisho kamili anasubiri wagonjwa.

Bisfenoli A, kemikali ya kwenye plastiki inayoigiza homoni, hutoka mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo hapo naelewa wanaotaka utafiti zaidi. Nisichokubali ni kiwanda kuiondoa, kikaweka bisfenoli S inayoigiza homoni vilevile, kisha kikaandika kwenye chupa kwamba haina bisfenoli A.