Kabla ya kufungua programu, waachieni kalamu

Ukihudhuria utetezi wa miradi ya wanafunzi wa uhandisi siku hizi utaona picha za kuvutia zilizotolewa na programu za kompyuta za kupiga hesabu za mkazo: boriti zenye rangi zote, bluu huku mkazo ni mdogo, nyekundu kule ni mkubwa. Muulize mwenye mradi nyekundu ile ni kiasi gani na yeye alitarajia kiasi gani, ataanza kumtazama msimamizi wake.

Simlaumu. Tumemfundisha kubofya, si kukadiria kwanza kwa kalamu.

Chukua boriti ya mita 6 inayobeba kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 20 kwa kila mita. Ikikaa tu juu ya kuta mbili, momenti, yaani nguvu ya kuipinda, katikati ni kilonyutoni-mita 90, hesabu ya mstari mmoja. Mwanafunzi akibofya pasipofaa akaikaza ncha zote mbili zisizunguke, katikati inashuka hadi 30. Theluthi! Programu hailalamiki, na rangi zinatoka zilezile, kwa sababu hupangwa upya kufuata kipimo kikubwa kilichopo. Nondo za katikati zitapangwa kwa 30 ilhali boriti inadai 90.

Wala si wanafunzi tu. Agosti 23, 1991, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulizama Gandsfjorden, karibu na Stavanger, Norwe, ukiwa katika majaribio ya kuushusha majini. Kuta zake zilipigiwa hesabu kwa programu inayoheshimika. Ila vipande vidogo ambamo modeli ya kompyuta iligawanywa ili ipigiwe hesabu vilikuwa vikubwa mno kwenye maungio, na mkazo wa mkato (ule unaotaka kuukata ukuta) ukaonekana pungufu kwa asilimia 47. Hesabu iliyorudiwa kwa makini baada ya ajali ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye 65.

Najua nitajibiwa kwamba leseni za programu ni ghali. Octave na OpenFOAM, programu za hesabu na za uigaji wa kihandisi, ni za bure. Vipindi havitoshi? Punguzeni programu, kufundisha tatu kwa muhula mmoja ni mbwembwe.

Mimi ningeanza na rula ya chuma iliyobanwa ukingoni mwa meza na robo kilo ya sukari ikining'inia nchani. Mwanafunzi akadirie kwa kalamu itashuka milimita ngapi, karatasi ikusanywe, ndipo aendeshe modeli, kisha apime. Majibu matatu hayatalingana, maana hakuna meza inayobana sawasawa kama kompyuta inavyodhani. Aeleze tofauti imetoka wapi, na nusu ya alama ziwe kwenye maelezo hayo.